Maiti ya Lameki na Kitenzi cha Taifa

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Asubuhi kulikuwa na mvua ya rasharasha na ukungu uliofunika hata msalaba wa kanisa letu. Redio ya taifa ilikuwa imetangaza jua kali, kwa hiyo sisi wananchi watiifu wa Jamhuri ya Twasubiri tulitoka nyumbani bila miavuli, tusije tukaiaibisha redio.

Nilimkuta Sikudhani kwenye mashine ya kusaga, amesimama chini ya ukingo wa bati, amelowa. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kulikuwa na sanda mpya. Mumewe, Lameki Njelu, aliyekuwa mchimba visima, alifariki Jumapili katika hospitali ya wilaya kwa ugonjwa wa kifua. Jumatatu Sikudhani alikwenda mochwari kumchukua akamzike. Alirudi na sanda yake vile vile.

"Wamekunyima maiti?" nikamwuliza.

"Hawakuninyima, Bibi Skola. Wamesema sijaomba."

"Hukuomba?"

"Niliomba. Nilisema, nimekuja kumchukua mume wangu. Yule kijana wa dirishani akaniambia, mama, hapa hatuchukui. Hapa tuna-get. Nenda kajifunze, ukishajua uje."

"Na maiti?"

"Itasubiri. Ila majokofu hayafanyi kazi."

Alisema hivyo bila kulia. Nilitamani alie.

*

Kwa msomaji anayeishi nchi nyingine, ambako mtu huzikwa kwa sababu amekufa, itabidi nieleze.

Mlezi wa Taifa letu aliwahi kwenda ng'ambo kwenye mkutano. Sisi hatukujua mkutano ulihusu nini, na nasikia hata yeye hakujua. Lakini Mungu hamwachi mja wake aliyesinzia kwenye kiti kizuri. Aliporudi alituita uwanjani akatufunulia siri ya maendeleo.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimechunguza! Kule kwa wenzetu mtu akiamka, ana-get. Akipanda basi, ana-get. Akishuka, ana-get. Akioa, akiugua, akizeeka, akielewa, akifika, akipokea zawadi, yote hayo ni get! Kitenzi kimoja tu! Na sisi je? Kuamka, kupanda, kushuka, kuoa, kuugua! Tumebebeshwa vitenzi kama punda wa sokoni, halafu tunashangaa kwa nini wenzetu wanatupita!"

Watu wa jukwaani walisimama wakapiga makofi, na kila mmoja aliendelea kupiga huku akimtazama jirani yake, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa. Aliyekaa wa kwanza alikuwa Waziri wa Maji. Alikuwa na maumivu ya goti. Hatujamwona tena, na maji pia hatujayaona.

Hivyo ikaanzishwa Wizara ya Kitenzi. Ilipewa jengo lililokuwa likimaliziwa kwa ajili ya wodi ya wazazi. Wazazi waliombwa wasubiri, nao wakasubiri kadiri walivyoweza. Ni watoto ndio waliokosa uzalendo, wakaendelea kuzaliwa njiani.

Sheria ilikuwa fupi. Anayetaka huduma yoyote ya serikali aiombe kwa Kitenzi, kwa ufasaha, mbele ya afisa. Cheti cha kuzaliwa, chanjo, mbegu, kibali cha kusafirisha ng'ombe, yote kwa Kitenzi. Zimamoto nao wakakipokea kwa moyo. Nyumba ya jirani yangu ilipoanza kuungua, alipiga simu akapiga kelele, "Moto! Moto!" Sauti ya adabu ikamjibu ajaribu tena kwa sentensi kamili. Alijaribu. Jikoni kulipokwisha kuungua alikuwa amefika katikati ya sentensi. Paa lilipoanguka aliipata yote, na kwa haki ya Mungu zimamoto walifika upesi sana, wakamwagilia majivu, wakampongeza kwa matamshi yake.

Majokofu ya mochwari, kwa upande wake, yaliharibika mwezi uliopita. Fundi wake yupo. Amepelekwa masomoni kusomea Kitenzi.

*

Jioni ile nilimpeleka Sikudhani kwenye darasa letu. Tunasomea katika ukumbi wa kanisa baada ya kazi, watu wazima watupu: mimi muuza mkaa, Mzee Anzuruni fundi viatu, Mama Perpetua wa genge la nyanya, na wengine wa namna hiyo. Tulianza tukiwa na haja ya kusoma barua za watoto wetu na maneno yaliyoandikwa kwenye chupa za dawa. Wizara ilipokuja tukaambiwa tuache mengine yote, tusome Kitenzi.

Darasa letu lina desturi moja. Mtu mzima akikosea peke yake mbele za watu, aibu humkaa wiki nzima, na wiki inayofuata haji. Tulipoteza wenzetu wengi kwa njia hiyo. Basi tukakubaliana kwamba mwalimu akimwuliza mmoja wetu, tunajibu sote kwa sauti moja. Kosa likigawanywa huwa jepesi, kama msiba. Sasa tumeshazoea kiasi kwamba hata mtu akiulizwa jina lake, darasa zima hulitaja.

Tukasali. Kisha Mwalimu Obedi, kijana mpole mwenye shati moja zuri, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: GET. Akamwita Sikudhani mbele. Akatuomba sisi wengine tunyamaze kwa leo, maana kesho yake atakuwa peke yake mbele ya kamati inayowatahini wafiwa pale mochwari. Tukanyamaza kwa taabu.

"Rudia, dada. Ai get."

"Ai get."

"Vizuri sana! Sasa mweke marehemu mwishoni. Mtaje tu jina."

Sikudhani akalitazama neno ubaoni. "Maana yake nini, Mwalimu?"

"Kupata."

"Jumapili nimempoteza. Kesho nikasimame mbele za watu niseme nimempata?"

"Lina maana nyingine, dada. Kupokea."

"Kama kifurushi?"

"Basi, kwenda kuleta. Kuchukua."

"Hiyo ndiyo niliyowaambia Jumatatu. Kwa nini haikutosha?"

Mwalimu Obedi akaitazama chaki yake. Kutoka nyuma Mzee Anzuruni akajibu kwa niaba ya serikali. "Haikutosha kwa sababu ulieleweka, mwanangu. Hawa ukieleweka mara moja wanaona umewadharau. Watafanya kazi gani siku nzima?"

Mama Perpetua akacheka mpaka akashika meza. "Mzee wewe, utakamatwa!"

"Wakinikamata, na viatu vyao watashonewa na nani?"

"Utavishona wewe mwenyewe, humo humo ndani!"

Tulicheka, kisha tukaacha, kwa sababu Sikudhani alikuwa bado amesimama pale mbele na mfuko wake.

"Naweza kulisema," alisema taratibu. "Ulimi hauna shida. Lakini Lameki alinioa kwa maneno ambayo mama yangu aliyaelewa. Alipokuwa kisimani, chini kabisa, alikuwa akiniita kwa jina nami namvuta kwa kamba. Hakuwahi kuniita nisielewe. Sasa nikamwite kwa neno la yule kijana wa dirishani? Akilisikia atajua ni mimi?"

Mwalimu Obedi akafuta ubao. Hakuandika kitu kingine. Tulisali tena, na sala ile haikuwa ya utulivu. Mimi nilimwuliza Mungu maswali ambayo kwa kawaida huwa namwachia ayajibu kwa wakati wake. Kisha tukakubaliana kwamba asubuhi tutakwenda naye sote. Mtu haendi mochwari peke yake. Hilo halihitaji kufundishwa.

*

Mochwari iko nyuma ya hospitali, karibu na tanuri la kuchomea taka. Tuliisikia kwa pua kabla hatujaiona. Kamati ya Kitenzi haikukaa ndani, bali ilikuwa imewekewa turubai upande ule upepo unakotokea, na viti vyenye mito. Katibu wa Kitenzi wa Wilaya, Mheshimiwa Polikarpo Mbegete, alikuwa na leso puani iliyolowa marashi. Kando yake alikaa mwandishi wake, binti aliyeshika kitabu cha Mwongozo kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake.

Hatukuwa peke yetu. Ukutani walikuwa wamekaa watu wengi, wengine na mikeka, wengine na masufuria. Walikuwa wameshashindwa mtihani mara kadhaa na hawakuwa na mahali pa kwenda, kwa sababu ukienda nyumbani bila marehemu utasema nini? Kijana mmoja mrefu alikuwa akitembea huku na huku akijisemea, "Ai get mama. Ai get mama. Ai get mama." Mama mmoja akaniambia kwamba kijana yule husema sawasawa hapo nje siku nzima, lakini akisimama mbele ya kamati anasema tu "mama," kisha hawezi kuendelea.

Mheshimiwa Katibu akasimama, akaondoa leso puani, akajuta, akairudisha.

"Wafiwa wapendwa," alisema ndani ya leso, "serikali inawapa pole. Serikali inaumia. Lakini lazima tuelewane. Marehemu akishaingia hapa anakuwa huduma. Na huduma haichukuliwi kama kuku wa jirani! Huduma ina maombi yake, maombi yana lugha yake, na lugha ina Kitenzi chake. Tukimwachia kila mtu azike anavyotaka, kwa vitenzi anavyotaka, tutakuwa taifa la namna gani?"

"Taifa la watu waliozikwa," akasema Mzee Anzuruni, si kwa sauti ya chini sana.

"Nani huyo?"

"Nakohoa, Mheshimiwa. Ni hii harufu."

"Mjane wa Lameki Njelu, simama mbele!"

Sikudhani akasimama mbele.

"Tumia Kitenzi, kisha umtaje unayemtaka."

Akafunga mdomo. Hakuinamisha kichwa wala hakulia. Alimtazama yule Mheshimiwa machoni, akamtazama kwa muda mrefu, mpaka Mheshimiwa akaangalia viatu vyake, ambavyo Mzee Anzuruni alikuwa amevishona kisigino.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, mama. Unasemaje?"

Hapo ndipo tulipokosea. Naapa hatukupanga. Mwenzetu alikuwa ameulizwa swali mbele za watu, na kimya kilikuwa kinamwelemea, na sisi miili yetu imeshafundishwa. Darasa zima, Mwalimu Obedi akiwemo, tukafungua vinywa kwa pamoja:

"AI GET LAMEKI!"

Kunguru waliruka kutoka juu ya turubai.

Mheshimiwa Katibu alikaa. Mwandishi wake akafungua Mwongozo, akasoma kwa kidole, akamnong'oneza. Naye akanong'ona. Kisha wakasahau kunong'ona.

"Kinasemaje kifungu chenyewe?"

"Kila atakayetamka Kitenzi kwa ufasaha apewe huduma, Mheshimiwa. Asiondoke mikono mitupu, isije ikaharibu takwimu za wilaya."

"Wametamka kwa ufasaha?"

"Kwa ufasaha sana, Mheshimiwa."

"Nani hakutamka?"

"Mjane peke yake."

Mheshimiwa akafikiri. Wilaya yetu ilikuwa ya mwisho nchini kwa huduma zilizotolewa kwa Kitenzi, na wiki ile ile kulikuwa na mgeni kutoka Wizarani. Niliona nuru ikimjia usoni. Nilidhani ni huruma. Mungu anisamehe kwa kumdhania mtu mema.

"Basi wapewe wote," akasema. "Isipokuwa mjane."

"Wapewe nini, Mheshimiwa?"

"Wameomba nini? Maiti! Kila mmoja na wake!"

"Lakini Lameki ni mmoja."

"Mochwari si imejaa?"

Akaagiza mpiga picha aitwe.

*

Milango ikafunguliwa. Sitaeleza kilichotoka kwanza, maana hakikuwa mtu, kilikuwa hewa. Kisha zikaanza kutoka machela, moja baada ya nyingine, nasi tukapangwa mstari kama watu wanaogawiwa mbolea. Msimamizi wa mochwari alikuwa akisoma jina kwenye kikaratasi kilichofungwa mguuni, anasukuma machela, anasema, "Anayefuata!"

Mzee Anzuruni alipewa mama aliyefariki kwa uzazi, na kichanga kimelazwa kando yake kwenye machela ile ile. Mwandishi akauliza kama wahesabiwe huduma moja au mbili. Mheshimiwa akasema mbili. Mzee Anzuruni, ambaye sijawahi kumwona bila neno la mzaha, akavua koti lake akakifunika kichanga.

Mama Perpetua alipewa mzee wa watu aliyekuwa na kofia yake bado kichwani. Mwalimu Obedi alipewa mwanamke mnene mwenye kanga ya kijani. Jina liliposomwa, yule kijana mrefu aliyekuwa akifanya mazoezi ukutani akapiga ukelele.

"Huyo ni mama yangu! Ndiye mama yangu huyo!"

Akakimbia. Mlinzi akamzuia kwa kifua.

"Rudi ukutani. Bado hujatamka."

"Niko naye mbele yangu, namwona!"

"Kumwona ni kumwona. Tamka."

"Mama," akasema kijana. "Mama." Akaishia hapo hapo pa siku zote.

Mwalimu Obedi alikuwa ameshika machela ile kwa mikono miwili. Mpiga picha akamwambia atabasamu.

Zamu yangu ikafika. Msimamizi akasoma, "Njelu, Lameki," akanisukumia. Shuka ilikuwa fupi. Mkono wake mmoja ulikuwa nje, na chini ya kucha kulikuwa na udongo mwekundu wa kisimani ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa. Nusu ya mtaa wetu tunakunywa maji kwa sababu ya mkono ule. Wizara ya Maji haikuwa imetufikishia hata ndoo.

Sikudhani alitoka kwenye kundi, akifungua mfuko wake wa plastiki kutoa sanda.

"Simama hapo hapo!" Mheshimiwa Katibu alipiga meza. "Mama, wewe hukupewa. Kuhamisha huduma kutoka kwa aliyestahili kwenda kwa asiyestahili ni kosa la jinai."

"Ni mume wangu, baba."

"Alikuwa mume wako. Kwa sasa ni huduma ya bibi huyu." Akanionyesha kwa leso. "Bibi atamzika. Wewe utaruhusiwa kutazama kwa mbali, kama raia mwingine yeyote. Serikali haina ubaguzi."

Watu wa ukutani wakanyanyuka wakaanza kuguna. Mlinzi akashika rungu. Mheshimiwa, aliyekuwa na haraka ya picha, akatangaza kwamba mambo yote yatamalizwa kistaarabu. Kila aliyepewa maiti angeahidi kwa sauti, mbele ya kamati na mashahidi, kwamba huduma aliyopewa ataitumia mwenyewe, hatamkabidhi mtu ambaye hajatamka Kitenzi. Asiyeahidi, maiti yake ingerudishwa ndani kule kwenye joto, na mlango kufungwa. Aliyeahidi akivunja, jela.

"Tuanze na bibi," akasema. "Wazee ni mfano wetu. Inua mkono, bibi, na uahidi."

Nilishika machela kwa mkono mmoja. Wenzangu wote walikuwa wananitazama, kila mmoja na mfu wake. Nilijua wanawaza ninachowaza. Ilikuwa rahisi: ahidi uongo, toka nje ya ua, mkabidhi mwenyewe, mwombe Mungu msamaha jioni. Lakini mimi nimezeeka nikiamini kwamba ahadi inayotamkwa mbele ya maiti inasikiwa mahali pengine pia. Nikafumba macho nikamwomba Mungu anipe ujasiri wa kusema uongo mdogo mmoja. Nilisubiri. Hakunipa. Alinipa hasira tu, nyingi, safi, kama maji ya kisima kipya, mpaka magoti yakaacha kuniuma.

Nikafumbua macho. Nikainua mkono.

"Unaahidi?" akauliza Mheshimiwa.

"Naahidi," nikasema, na nilisema kwa sauti ya kuwafikia wale wa ukutani. "Mimi Skolastika, muuza mkaa, naahidi mbele ya Mungu, mbele ya kamati hii, mbele ya kamera yenu, na mbele ya watu hawa mliowalaza nje wakingoja wafu wao. Namkabidhi Lameki kwa mke wake Sikudhani, sasa hivi, hapa hapa, naye tutamzika leo kando ya mama yake. Tukimaliza tutamzika mama wa kijana huyu, na kijana mwenyewe ndiye atakayemshusha. Kisha huyu mzazi na mtoto wake. Kisha huyu mzee mwenye kofia. Kila mmoja nitamwita kwa jina lake mpaka ajitokeze mtu wake, na kama mtu wake hayuko, nitakuwa mimi. Sitaacha hata mmoja ndani ya chumba kile. Mkitaka kunikamata, mtanikuta makaburini. Mje na majembe."